Saa Moja ya Kimya

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Mei, saa nne kamili asubuhi, daraja jipya lilifungwa ili lipimwe likiwa tupu. Vihisi tisa visivyo na nyaya, vilivyobanwa chini ya sakafu yake, vilipeleka kila mtikisiko kwenye kompyuta ya mhandisi aliyekaa kibandani. Sharti lilikuwa moja: daraja litulie saa nzima, ndipo watu waruhusiwe kuvuka.

Kihisi cha tisa hakikutulia. Kilichora nyayo: moja nzito, moja nyepesi.

"Labda ni panya kiguru," shemeji yake mhandisi alitania, kisha akajiuma ulimi. Maana kiguru alikuwa kaka yake, marehemu mume wa mhandisi, aliyeanguka kutoka hapo tarehe 11 Machi akikifunga kihisi hicho hicho.

Mhandisi alikifuata kihisi. Akakibadilishia betri. Jumanne nyayo zilifika kihisi cha tano, na kibanda kikanuka dawa ambayo mumewe alijichulia mguu. Jumatano, adhuhuri ya jua kali, daraja likiwa jeupe na tupu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, nyayo zilipita kihisi cha tatu, cha pili, cha kwanza, zikashuka kwenye changarawe ambapo hapakuwa na kihisi chochote bali masikio yake tu, nzito na nyepesi, nzito na nyepesi, hadi nyuma ya kiti, na pumzi baridi yenye harufu ya matope ikamgusa shingo, na sauti aliyokwisha kuizika ikamuuliza taratibu, kama kila mchana wa ndoa yao: "Bosi, umekula?"

Alhamisi shemeji alimleta mganga. Mzee huyo alisikiliza, akaeleza kwamba jini huvaa sauti ya marehemu kama nguo ya kuazima. Likijibiwa kwa mapenzi halitoki, na mtikisiko ungezidi kila siku mpaka nguzo zipasuke. Dawa yake ni kukanwa mara tatu na yule liliyemjia.

"Na kama ni yeye?" mhandisi alinong'ona.

"Mumeo amezikwa, mwanangu. Mkane."

Saa sita nyayo zilikuja. Sauti ikauliza.

"Sikujui," akasema.

Ikauliza tena, safari hii kwa kusitasita.

"Sikujui."

"Sikujui" la tatu alilitamka ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yakimdondoka kidevuni.

Sauti ikajibu: "Samahani, mama. Nimekosea njia."

Nyayo zikarudi polepole, kihisi baada ya kihisi, hadi cha tisa, zikakoma. Mstari wa kompyuta ukanyooka saa nzima. Shemeji akajaza fomu: Alhamisi, tarehe 7 Mei, saa saba na dakika kumi na mbili, daraja ni salama.

Mganga alikuwa bado amechutama, wala hakuwa akikusanya vitu vyake. Mhandisi akamuuliza kuna nini.

"Majini yote niliyoyafukuza yalinitukana," alijibu bila kumtazama. "Hakuna lililowahi kuomba radhi."

Mhandisi alitoka mbio kuelekea darajani akimwita mumewe kwa jina. Na hadi jua lilipotua, kompyuta iliandika nyayo za mtu mmoja tu, zote za uzito mmoja.