Blanketi la Yidir

Mambo ya nyumba ya Basu yalianza na upana wa kidole kimoja. Asubuhi hiyo mkewe, Tuda, aliingia chumba cha nyuma kuchota unga, akatupia jicho mtambo wake wa kufumia uliosimama ukutani, akaona blanketi limeongezeka. Alikuwa ameliacha limefika kwenye mstari mwekundu, tangu siku ile ya majira ya theluji ambayo hakupenda kuitaja. Sasa juu ya mstari mwekundu kulikuwa na safu chache za sufu ya kijivu, zimeshindiliwa vizuri kabisa. Nyumba nzima hakukuwa na mfumaji mwingine. Binti yake Itto alikuwa bado mdogo, na Basu hata kifungo hakujua kushona.

Mwingine angetoka mbio. Tuda alichota unga wake, akafunga mlango, akaenda kukanda mkate.

Msimlaumu upesi. Blanketi lile lilikuwa la kitinda mimba wake, Yidir, jina ambalo kwao maana yake ni ataishi. Hakufikisha siku arobaini. Siku ya mazishi wanawake wa mtaa walijaa uani, mji wote wa Midelt ukiwa mweupe kwa theluji, wakamngoja yeye, kwa maana kilio huanzwa na mfiwa, wengine wakafuatia. Tuda hakuanza. Alikaa macho makavu, akauliza kama chai ya wageni ina sukari ya kutosha. Wapo waliosema ana imani kubwa, na wapo waliosema ana moyo wa jiwe, na wote walikosea. Mwanamke alikuwa amekufa ganzi, basi.

Na pale kwao nguo iliyo mtamboni ni kiumbe. Huzaliwa siku nyuzi zinapotandwa, hukua kadiri inavyofumwa, na siku inapokatwa, hufa. Ndiyo maana anayeikata huinyunyizia maji na kuitamkia shahada, na wanaume wote hutolewa nyumbani mpaka kazi iishe. Husemwa kwamba roho ya nguo ikitoka ikamkuta mwanamume mlangoni, haipiti mikono mitupu. Nguo iliyokatizwa na msiba nayo ina haki yake: ikatwe na ioshwe kabla ya siku za husumu, zile siku za mwanzo wa joto ambapo baridi hugeuka njiani ikarudi kuchukua ilichosahau.

Aliyemkumbusha hayo ni jirani yake, Bi Hadda, mwosha maiti wa kike wa mtaa ule, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili.

"Tuda mwanangu, ule mtambo umeukata?"

"Nitaukata, Bi Hadda."

"Ulisema hivyo theluji ikiwa imefika dirishani. Sasa mitofaa imechanua na wewe bado unanipiga chenga. Husumu ikiukuta umesimama bila mwenyewe, atakuja kukaa mwingine."

"Na akae," Tuda alisema. "Pengine atamaliza."

Walikuwa wamesimama mlangoni, na upepo ulikuwa ndio kwanza umeanza kuvuma kutoka tambarare. Bi Hadda aliangalia nyuma yake, kisha akamshika Tuda mkono.

"Maneno mengine hayataniwi, wewe. Tema mate useme umekosea."

Tuda hakutema. Hata huo mtambo hakuukata. Kuukata kulikuwa ni kumzika Yidir mara ya pili, na safari hii kwa kisu chake mwenyewe.

Husumu ya mwaka ule ilichelewa, na ilipofika ilifika na hasira za aliyecheleweshwa. Asubuhi jua lilichoma mpaka watu wakavua makoti. Adhuhuri vumbi lilipanda likafunika mji, taa zikawashwa mchana kweupe. Jioni theluji ilishuka kutoka mlima Ayashi ikalala juu ya mapaa, na kesho yake jua tena, kana kwamba hakuna kilichotokea. Basu alihamia shambani. Maua ya mitofaa yakiungua na jalidi, ule umande unaoganda usiku, mwaka mzima nyumba haina kitu, kwa hiyo alikesha akichoma nyasi mbichi ili moshi uyafunike. Alikuwa mtu wa kuiimbia miti yake, na majirani walimcheka kwa hilo. Alikuja nyumbani kula tu, macho mekundu, akanusa hewa.

"Mama Itto, unaunguza nini?"

"Siunguzi kitu."

"Nasikia sufu. Sufu mbichi, halafu kama imeshika moto."

"Ni wewe na moshi wako," Tuda alimjibu, na Basu akacheka, akaondoka.

Lakini harufu ilikuwa ya chumba cha nyuma, na Tuda alijua. Alijua pia sauti. Kila vumbi lilipofunika jua, chanuo la chuma lilianza kushindilia nyuzi mle ndani, du, du, du, kwa mwendo wa mtu aliyetulia na kazi yake. Vumbi likipita, kimya. Na kila alipochungulia, blanketi lilikuwa limepanda, kijivu kitupu, halina hata nakshi moja.

Na kila lilipopanda, yeye alipungukiwa. Siku moja alikata vitunguu, akaja kugundua kwamba amejikata kidole pale tu vitunguu vilipogeuka vyekundu. Hakuumia. Akajaribu kumfikiria Yidir, uzito wake mkononi, ule mguno wake wa kunyonya. Mahali palipokuwa panachoma hapakuwa na kitu. Akashukuru. Kumkaribisha mgeni lilikuwa kosa la ulimi, linasameheka. Hili la kushukuru ndilo lililomweka mgeni kitako.

"Mama," Itto alimwambia siku nyingine, akimenya yai, "yule shangazi anafuma haraka kukushinda."

"Shangazi gani?"

"Wa chumba cha nyuma. Kaniambia nimpelekee sufu."

"Ukampelekea?"

"Ndiyo. Akaniuliza kama namkumbuka Yidir. Nikamwambia namkumbuka, na huwa nalia nikiwa chooni ili usinione. Akasema maskini, atanipunguzia." Itto akala yai lake. "Sasa silii."

Tuda alizisikia habari hizo kama za mji mwingine, za watu asiowajua. Akamwambia mtoto anywe maziwa.

Sasa ikaja adhuhuri ambayo vumbi lilikuwa zito hata mwangaza dirishani ukawa wa kahawia, na chanuo mle ndani likawa linapiga bila kupumzika. Tuda alikuwa amekaa sebuleni hafanyi lolote, kazi aliyoizoea siku hizo. Akasikia harufu. Ilikuwa ya kuungua, ila haikuwa ya sufu. Akasimama bila haraka, akaenda jikoni, akamkuta Itto amechuchumaa mbele ya jiko la kuni, kiganja chake cha kulia amekibandika juu ya chuma, anakitazama kwa makini.

"Mama, njoo uone," alisema. "Kinatoa moshi."

Tuda alimvuta. Ngozi ilibaki juu ya chuma. Mtoto alikigeuza kiganja chake, akakitazama, akatabasamu, akauliza kama anaweza kuweka na cha pili.

Hapo mama mtu alikitafuta kilio chake kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, akapapasa kifua kizima, hakukipata. Woga hakuupata. Hata huruma kwa mwanawe wa kumzaa hakuipata. Kilichobaki ni akili tupu, nayo ilimwambia jambo moja bila kupandisha sauti: mtoto asiyesikia moto hatakua. Ataungua, au atavunjika akaendelea kutembea, na hatalia hata siku moja ili mtu ajue. Mmoja ameshaenda. Huyu naye anakwenda, huku anatabasamu.

Alimbeba mgongoni akatoka. Vumbi lilikuwa limeanza kugeuka mvua ya mawe, na mawe yalimpiga usoni asiyasikie, mpaka kwa Bi Hadda.

Mwosha maiti alikitazama kile kiganja. Kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kumchoma mtu.

"Basu yuko wapi?" aliuliza taratibu.

"Shambani. Hashuki mpaka jua lizame."

"Na abaki huko huko. Tunakata sasa hivi." Akachukua birika lake la kuoshea maiti, akalijaza maji. Njiani, ameinama kwa sababu ya mvua ya mawe, alimnong'oneza, "Utamkuta amekaa. Usimtazame uso, na usimjibu. Ukitaka kusema, sema na mimi."

Waliufunga mlango wa mbele kwa komeo, kisha wakafungua wa chumba cha nyuma, na harufu ya sufu mbichi ikawapokea kwa uzito uliowarudisha hatua, na mle ndani, katika ule mwanga wa kahawia, mbele ya mtambo, alikuwa amekaa mwanamke aliyewapa mgongo, amejifunika shali ya Tuda mwenyewe, ile ya bluu aliyoivaa siku ya mazishi, nywele zake zimefungwa kama Tuda anavyozifunga, na bega lake la kushoto limeshuka kidogo kama lilivyoshuka la Tuda, na mkono wake ukapanda na chanuo na kushuka, ukapanda na kushuka, na juu ya blanketi nyuzi zilizokuwa bado tupu hazikuzidi upana wa kiganja cha mtoto.

"Nimebakiza kidogo, Tuda," mwanamke alisema, bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya jirani. "Wewe ndiye uliyesema nikae."

Bi Hadda alimpa kisu.

"Nikimaliza, hamtaumia tena," sauti iliendelea. "Wewe na binti. Milele. Nani mwingine amekupa hivyo? Hao waliokuja kunywa chai?"

Kisu kilitulia mkononi mwa Tuda. Nitasema kweli, maana haina faida kuficha: alitamani.

"Bi Hadda," alinong'ona. "Nikikata, kilio kitarudi?"

"Kitarudi chote, mwanangu."

"Na cha Yidir?"

"Cha Yidir kwanza."

Itto alikuwa amesimama kando yao, ananusa kiganja chake kilichoungua, ananusa tena, kama mtoto anavyonusa chungwa. Tuda akamtazama. Kisha akapitisha mkono juu ya lile bega lililoshuka, baridi yake ikamfika mpaka kwenye kiwiko, na akaanza kukata, uzi wa kwanza, wa pili, na kila uzi uliokatika ulitoa mlio kama mshipa, na mwanamke aliyekaa akaanza kuimba, polepole, wimbo ambao Tuda alimwimbia Yidir usiku wa homa, na Bi Hadda akanyunyiza maji na kutamka shahada juu ya sauti ile, akanyunyiza na kutamka, na wimbo ukapanda, na kisu kikaenda, na Tuda akaanza kuitamka na yeye, Mola ni mmoja, akakata, na Mtume wake ni mkweli, akakata, mpaka uzi wa mwisho ukaachia na blanketi likaanguka sakafuni kwa kishindo cha kitu chenye mwili.

Kisha kikamjia chote. Yidir alimjia na uzito wake wote, na mguno wake, na ule ubaridi wa kisogo chake asubuhi ile, na Tuda akapiga magoti akalia kilio ambacho mtaa ulikuwa umekingoja tangu theluji. Itto akakiangalia kiganja chake, akafungua mdomo, akapiga yowe. Ng'ambo ya ukuta mwanamke mmoja alisikia, naye akaanza, na wa nyumba ya tatu akamfuata, maana mfiwa alikuwa ameanza. Tuda alimkumbatia binti yake aliyekuwa akijipinda kwa maumivu, na katika maisha yake hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Shali ya bluu ilikuwa imebaki peke yake mbele ya mtambo. Upepo ulizunguka chumba mara moja, ukapita katikati yao, ukatokea sebuleni. Komeo la mlango wa mbele likaruka, mlango ukafunguka kwa nguvu, na hewa ikawa nyepesi.

"Amekwenda," Bi Hadda alisema, akajifuta uso. "Alhamdulillahi. Amekwenda."

Waliliosha blanketi, wakalikunja, wakalizika chini ya ukuta wa ua. Waliporudi ndani walimkuta Basu amekaa kando ya karai la makaa. Alikuwa amefika mapema, alisema. Alikuwa ndio kwanza anagusa mlango ulipofunguka.

Bi Hadda alimtazama, akamtazama Tuda, akashika birika lake kwa mikono miwili.

Tuda alikuwa na mtoto wa kuhudumia. Alimpaka Itto asali kiganjani, mtoto akalia, naye akalia pamoja naye, na huku bado analia akamuuliza mumewe, "Baba Itto, maua?"

"Yamekwisha," Basu alisema. "Mvua ya mawe imeyapukutisha yote. Sikuwa na cha kulinda, nikarudi."

"Yote?"

"Yote." Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Akachota mchuzi kutoka kwenye sufuria iliyokuwa ikitokota, akanywa, hakupuliza.

Hapo ndipo Tuda alipoinua uso. Harufu ilikuwa imerudi, sufu, sufu iliyoshika moto. Akatazama mlango wa chumba cha nyuma. Kisha akatazama chini. Basu alikuwa amevua viatu akanyoosha miguu yake ili aipashe joto, na soksi za sufu alizomfumia mwenyewe zilikuwa zinafuka moshi, kwa sababu miguu yote miwili ilikuwa ndani ya makaa.

Basu aliwatazama wote watatu kwa upole.

"Sasa mnalia nini?" akauliza.