Blanketi la Sannie

Blanketi la viraka lililala nje, limeanikwa juu ya ua, usiku kucha. Nyasi zote ziligeuka nyeupe kwa umande ulioganda, lakini Jelagat alipolichukua asubuhi lilikuwa na joto. Joto la mwili, kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

"Ni jua," alisema mumewe, Kiptoo, akienda kufunga ng'ombe wa plau.

Jua lilikuwa halijatoka.

Blanketi lilikuwa zawadi. Jelagat alipojifungua msichana wakati wa mvua, memsabu, mke wa Kaburu mwenye shamba, alikanyaga matope mwenyewe hadi kwenye nyumba za wafanyakazi, akamfunika mtoto nalo kwa mikono yake. Viraka vya buluu, alieleza, vilikatwa kwa nguo za nyanya yake, vikaja kutoka Afrika Kusini kwa meli, kisha kwa gari la ng'ombe. Vile vya maua ni magauni ya Sannie, binti yake aliyekufa kwa homa.

"Baridi ya hapa mbaya sana," alisema. "Wewe funika toto."

Jelagat alilia. Eldoret nzima, hakuna mzungu aliyewahi kumpa kitu akimtazama machoni.

Siku ya kumpa mtoto jina, alilazwa mapajani mwa Kogo, nyanya yake mzaa baba, akiwa ndani ya blanketi hilo. Wanawake wa Kinandi walitaja majina ya jamaa waliokufa, moja baada ya jingine, huku Kogo akimgusisha ugoro kidogo puani. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Walitaja mpaka wakachoka. Mtoto kimya. Ndipo memsabu akatokea mlangoni na jagi la maziwa, akaona yale maua, akanong'ona, "Sannie."

Mtoto akapiga chafya.

"Woi! Tumezaa Kaburu!" Rael, wifi yake Jelagat, aliangua kicheko. "Kesho atatuamrisha tukamue!"

Wengine wakacheka. Kogo hakucheka. Alisema haraka, "Ataitwa Jeruto," na ikawa hivyo.

Lakini mtoto hakugeuka alipoitwa Jeruto. Kila alasiri ukungu uliposhuka, nyumba ilinuka sabuni ya memsabu. Vidole vidogo vilisikika vikikwaruza kitambaa kutoka ndani, na mtoto, ingawa alifunikwa mpaka shingoni, alizidi kuwa baridi, kwanza mikono, kisha tumbo, kisha hata ulimi wake ukawa baridi kwenye titi la mama yake, huku blanketi likizidi kupata joto, na Jelagat alipojaribu kulitoa lilimng'ang'ania mtoto kama mtoto mwingine aliyemkumbatia mwenzake na hataki kuachwa peke yake.

"Mama," alimnong'oneza Kogo, "anakufa huyu."

"Sema polepole, asisikie." Kogo alimvuta kando. "Tulimpa jina akiwa ndani ya nguo za mtoto wa watu. Mwenye nguo akaitika. Kosa ni letu, si lake. Aliyemzaa ndiye atamtoa. Kimbia!"

Memsabu alikuwa akikanda unga. Jelagat alieleza akihema, akingoja kufukuzwa.

"Sannie iko?" memsabu aliuliza.

"Yuko, memsabu. Nafikiri anasikia baridi. Lakini wangu ataisha."

Memsabu alitoka mbio, unga mikononi, bila viatu.

Alipiga magoti kando ya mtoto. "Sannie. Kuja kwa mama." Blanketi likakaza. Mtoto akahema kwa shida.

"Mwite kwa lugha ya kwenu," alisema Kogo.

Memsabu akaita kwa Kikaburu, taratibu, bila kulia, vile mama yeyote anavyomwita mtoto aliyechelewa akicheza nyumba ya jirani. Akaita tena. Blanketi likalegea, kona moja, kisha nyingine, likamwangukia mikononi.

"Jeruto!" Kogo alipaza sauti.

Mtoto akageuza kichwa, akalia kwa nguvu, akatafuta titi. Mdomo wake ulikuwa na joto.

Memsabu aliondoka akipita kwenye mahindi, amelibeba blanketi kiunoni kama mzigo wenye miguu. Jelagat alimtazama kutoka mlangoni. Aliogopa, lakini huruma ilikuwa kubwa zaidi.

"Memsabu!" aliita. "Mfunike vizuri njiani!"

Memsabu hakugeuka. Sauti ndogo, nyembamba, ndiyo iliyojibu kutoka ndani ya blanketi: "Kongoi." Asante.

Na memsabu, kwa miaka yote aliyokaa hapo, hakuwahi kujua hata neno moja la Kinandi.