Karatasi ya Mwalimu na Mkono Ulioungua

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa akimenya viazi, mumewe akipiga pasi. Mara jirani yao, muuguzi wa zahanati, akaingia. Alitoa karatasi mkobani, akaiweka mezani.

"Shoga, hii unaijua?"

Ilihusu huduma ya kwanza kwa mtu aliyeungua. Chini iliandikwa: "Imeandaliwa na mwalimu wa darasa la tano."

"Ni yangu. Niliwagawia watoto juzi. Kwani vipi?"

"Leo nimeletewa binti wa darasani kwako. Jana alimwagikiwa chai mkononi. Mama yake akampaka dawa ya meno, kama karatasi yako inavyosema. Kidonda kimechafuka. Nimekisafisha, mtoto analia mpaka sauti imemkauka."

Kisu kilimponyoka mwalimu. Akakaa kitini pwa!

"Mungu wangu! Nimemuumiza mtoto wa watu!"

Mumewe alizima pasi. "Si uliitoa mtandaoni, mama watoto?"

"Ndiyo. Ilikuwa ya bure, ina picha nzuri. Nilikuwa na haraka, nikainakili yote."

"Nani aliiandika?" muuguzi akauliza.

"Sijui."

"Lini?"

"Sikuangalia."

"Hebu lete simu."

Walifungua ukurasa ule. Haukuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Pembeni palikuwa na tangazo kubwa la kuuza dawa ya meno! Mwalimu alishika mdomo.

"Sasa fungua huu wa wizara ya afya," alisema muuguzi. "Na huu wa chama cha huduma ya kwanza. Linganisha."

Mwalimu alisoma kwa sauti. "Weka sehemu iliyoungua kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Usipake kitu. Funika kwa kitambaa safi. Nenda zahanati."

"Zote mbili zinakubaliana. Soma na hapa chini."

"Mwalimu anaruhusiwa kunakili na kubadilisha, mradi ataje alikoitoa."

"Umeona? Si kila cha bure kina ruhusa hiyo. Uliza kwanza nani kaandika, lini, na kama amekuruhusu. Halafu kitengeneze kiwafae watoto wako."

Kesho yake mwalimu alikwenda kwa mama wa yule binti, akaomba radhi.

"Nilikuamini, mwalimu," mama alisema. Mwalimu alirudi shuleni macho mekundu.

Darasani alikusanya karatasi zote. "Nilikosea," alisema. Watoto walipigwa na butwaa. Mwalimu naye hukosea?

Walisoma pamoja ukurasa wa wizara, wakaugeuza mchezo wa kuigiza. Mmoja alikuwa bomba, mwingine mgonjwa mwenye makelele, wengine wakahesabu dakika. Kwenye bango la mchezo waliandika jina la wizara.

Wiki tatu zikapita. Siku moja ukelele ulitoka jikoni mwa shule. Mwalimu alitimua mbio, roho mkononi. Alipofika mlangoni, alisimama kama kigogo.

Mpishi alikuwa ameungua kwa maji ya moto. Wanafunzi watatu wa darasa la tano walikuwa wameshamfikisha kwenye bomba.

"Jamani, imetosha! Niacheni nikapake mafuta!" mpishi alilalamika.

"Hakuna kupaka kitu, shangazi!" watoto walipaza sauti. "Bado dakika kumi na saba!"