Majirani Wakiamka

Samaki alikuwa mmoja, mikono miwili. Soko la Ggaba, Kampala, limefurika watu, Zahara kavaa gauni la zambarau na hijabu ya hariri, na kijana wa shati jeupe kamng'ang'ania samaki huyohuyo kwa mkia.

"Dada, mimi nilimwona kwanza."

"Kumwona si kumshika, ssebo."

Kijana akacheka, akaachia. Ndiye Wamalwa, Mkenya wa Bungoma. Na kumbe wiki ileile alikuwa anaanza kazi kwenye maabara ya Zahara kule Kyambogo! Bibie akaona Mungu kampangia. Haya.

Kazi yao ilikuwa kuwinda makosa. Waliendesha kwa mtandao kompyuta ya kwantamu iliyogandishwa kwa baridi kali huko ng'ambo. Ndani yake mna kubiti, saketi ndogo za kuhesabia. Ukiziunganisha mbili zihesabu pamoja, ndipo makosa huzaliwa: ukizichelewesha husahau, ukizisukuma kwa nguvu huruka mipaka, na kubiti jirani nazo huingilia bila kualikwa. Wamalwa alipima jozi yake huku majirani wote wamelazwa.

"Malkia, makosa karibu hakuna!"

"Umezipima peke yazo, mpenzi. Waamshe majirani uone."

"Wivu huo," akamtania.

Na mapenzi yao yalikuwa vivyo hivyo, wawili tu, ufukweni. "Nitakuja kwa baba yako. Nitasilimu. Nife nikikuacha!" Zahara akayameza yote, akaanza hata kuchagua kitambaa cha nikahi. Mapenzi hayana macho, bambi, maskini.

Dada yake Wamalwa, Valarie, akaja kutoka Kenya. Zahara akajipamba, akampelekea sambusa za moto.

"Na huyu ni nani?" Valarie akauliza.

"Huyu? Mwenzangu wa kazi tu."

Zahara aliumia, akaona aibu. Tangu hapo simu za Wamalwa hakupokea.

Kisha wakubwa wa maabara wakataka jozi ipimwe mashine nzima ikiwa kazini. Majirani wakaamshwa, na hesabu ya Wamalwa ikavurugika mbele ya watu wote. Kesho yake akapiga, na safari hii Zahara akapokea.

"Ulisema kweli, malkia. Nilipima mahali pakimya. Hata wewe nilikupenda mahali pakimya. Nisamehe. Nataka nikuoe."

Zahara alikuwa dukani kwa baba yake, Mzee Sufian. Shangazi Maimunah alikuwepo, na wateja. Alimtaka bado, hilo tusifiche.

"Ngoja, nakuweka kwenye spika. Baba yupo, shangazi yupo. Haya rudia, mpenzi wangu."

Mzee Sufian akaacha kupima mchele. Duka zima likatega sikio.

"Wamalwa?" Zahara akaita.

"Ee... habari, mzee. Nilikuwa... naulizia ile ripoti tu."

Lo, mwanamume mzima! Zahara akakata simu.

"Nani huyo, mwanangu?"

"Mwenzangu wa kazi tu, Baba."

Akamkingia mteja mfuko, mchele umiminwe.