Fulani wa Bibi Mwanasaumu

Bibi Mwanasaumu alifariki siku ya Jumatano mchana, nilipokuwa shuleni. Siku hiyo tulikuwa tumejifunza milinganyo mipya, na njia nzima ya kurudi nyumbani Mtongwe nilikuwa nikipanga jinsi ya kumweleza. Nilipofika nilikuta viatu vingi mlangoni na wanawake wameketi mikekani. Mama alinivuta kifuani pake. Jikoni, ungo wa Bibi ulikuwa palepale alipouacha. Upande mmoja mchele ulikuwa umekwisha kuchaguliwa. Upande wa pili ulikuwa bado na chuya na vijiwe.

Tangu nilipoingia Gredi ya Saba, jioni zetu zilikuwa za namna moja. Bibi alikaa mkekani akichagua mchele, nami nikakaa karibu yake na vitabu vyangu.

"Mishi!"

"Abee, Bibi."

"Leo mmesoma nini? Nieleze mimi nisiyejua."

Bibi alikuwa amesoma chuo cha Kurani, lakini shule hakuingia. Hata hivyo hakukubali kuelezwa nusunusu. Siku nilipomletea mlinganyo wa kwanza alikunja uso.

"Huyu eksi ndiye nani?"

"Ni namba tusiyoijua, Bibi. Tunaitafuta."

"Mtu usiyemjua haitwi eksi. Huitwa Fulani."

Basi eksi akawa Fulani. Nikamwambia kwamba mara tatu ya Fulani, ukiongeza tano, ni ishirini na sita. Kwanza tunatoa tano huku, kisha tunatoa tano na kule.

"Kwa nini na kule?"

"Ni kama mizani, Bibi. Ukipunguza upande mmoja tu, inalala."

"Kwani huyo Fulani hawezi kupunjwa kidogo?"

"Hapunjwi, Bibi!"

Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akasema, "Haya, endelea. Sijaelewa bado." Nami nilieleza tena, kwa njia nyingine, mpaka akaridhika.

Baada ya matanga nilirudi shuleni. Nilikuwa Gredi ya Tisa, na mambo yakaanza kuniponyoka. Mwalimu alieleza nikaandika, lakini nilichoandika hakikukaa kichwani. Jioni nilifungua kitabu, nikautazama ule mkeka, nikakifunga. Mama alikuwa ameuosha ungo na kuutundika ukutani. Tangu hapo tulikula ugali tu, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Muhula ulipokaribia kwisha, Mwalimu Charo, aliyetufundisha hisabati, alitukumbusha jambo ambalo kila mmoja wetu alipaswa kuamua. Katika sekondari ya juu kuna kozi mbili za hisabati. Moja ni kamili, kwa wanaotaka kusomea sayansi na uhandisi. Nyingine ni ya matumizi ya kila siku. Sisi wanafunzi tuliiita nyepesi.

Darasa zima lilijua nilichotaka. Nyuma ya nyumba yetu huonekana meli za makontena zikielekea Kipevu, na kila moja huongozwa na rubani anayezijua njia za bandari. Nilitaka kuwa rubani wa meli. Kazi hiyo haipatikani bila ile hisabati kamili. Lakini siku hiyo mwalimu alipofika kwangu, nilisema kwa sauti ndogo, "Nyepesi, mwalimu."

Hashim, aliyekaa nyuma yangu, hakuweza kunyamaza. "Haa! Rubani wa meli sasa ataongoza mkokoteni!"

Wengine walicheka. Mwalimu Charo hakucheka. Kengele ilipolia aliniomba nibaki.

"Mishi, hisabati ile nyingine si mbaya kwa anayeihitaji. Lakini wewe huichagui. Unaikimbilia. Nyumbani ulikuwa ukisoma vipi?"

"Sikuwa nikisoma, mwalimu. Nilikuwa nikimweleza Bibi."

"Pole sana, mwanangu. Bibi alikuwa anaijua hisabati?"

"Hata kidogo. Alikuwa akiuliza tu kwa nini."

Aliifuta chaki mikononi. Kisha akasema, "Mbele ya jina lako nitaacha wazi hadi Ijumaa ya wiki ijayo, tutakapofanya mtihani. Kesho utakaa na Hashim. Milinganyo imemshinda kabisa. Umweleze."

"Hashim? Mwalimu, yule hasikilizi!"

"Vizuri zaidi."

Kesho yake Hashim alikuja na kiti chake, akajitupa kama gunia. "Haya, rubani. Nifundishe, lakini upesi. Nina mpira."

Nilimwandikia mlinganyo, nikaanza kuufanya kimyakimya. Akauweka mkono wake juu ya karatasi.

"Ngoja. Mbona unatoa nne pande zote mbili? Toa hapa tu, twende zetu."

"Ndivyo inavyofanywa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nikiijua njia, lakini sababu yake ilikuwa imenitoka. Nilifumba macho. Nikaona ungo, na vidole vya Bibi vikitenga vijiwe.

"Kwa sababu utampunja Fulani," nikasema.

"Fulani ndiye nani tena?"

"Eksi. Bibi yangu ndiye aliyempa jina hilo. Mlinganyo ni kama mizani: ukitoa upande mmoja tu, inalala."

Nilidhani angenicheka. Alikuna kichwa. "Wallahi, Fulani ni bora kuliko eksi. Sasa hiyo mizani ikilala, je?" Nikamweleza. "Sijaelewa bado," akasema. Nilimtazama, nikacheka na machozi yakanitoka hapohapo. Hashim alishtuka. "Kwani nimesema nini? Basi nimeelewa! Nimeelewa!"

"Hujaelewa," nikamwambia huku nikijifuta. "Kaa hapo tuanze upya."

Mpira wake ulimpita siku hiyo, na siku iliyofuata pia. Kila alipouliza kwa nini, nililazimika kurudi kitabuni kutafuta sababu kabla ya kumjibu. Jioni niliketi tena mkekani nikijiuliza maswali ambayo Hashim angeniuliza kesho.

Ijumaa ikafika. Sikuwa wa kwanza katika mtihani, ila milinganyo yote niliipata, na kando ya kila hatua niliandika sababu yake. Hashim alipita kwa shida, akalitangazia darasa zima kana kwamba ametwaa kombe.

Mwalimu Charo alinirudishia karatasi yangu. "Bibi yako hakukufundisha hisabati, Mishi. Alikufanya uieleze mpaka ikawa yako. Kitu ulichokielewa kwa jasho lako hakizikwi pamoja na mtu. Usikiache kwa sababu ya majonzi. Mweleze mwingine, nacho kitakaa. Sasa, niandike kozi gani?"

"Kamili, mwalimu."

Hashim alichagua ile ya matumizi ya kila siku, kwa kuwa anataka kusomea michezo, na hakuna aliyemcheka.

Siku hizi Jumamosi asubuhi yeye na wenzetu kadhaa huja kwetu kusoma. Mama ameuteremsha ungo ukutani. Huketi pamoja nasi akichagua mchele.