Mtani Wangu Alivyoizika Makala ya Gesi

"Hukuandika!"

"Niliandika, bosi!"

"Iko wapi sasa? Iko wapi?!"

"Nisikilize kwan—"

"Bibi wa watu yuko hospitali, Apisai! Nikusikilize nini?!"

Jamani... nilikuwa nimesimama mbele ya ofisi nzima, chapati yangu ya roti ingali mkononi.

Iko hivi. Sisi hapa Suva, Fiji, tunapokea simu za wateja wa kampuni ya gesi kule Australia. Mteja akieleza shida yake, mhudumu anatafuta jibu kwenye ghala la makala. Makala hizo naandika mimi.

Asubuhi hiyo bibi mmoja wa Bendigo, mji wa kulekule Australia, kapiga simu. Jikoni kunanuka gesi. Sainimere, mhudumu aliyeipokea, akatafuta "harufu"... hakuna kitu! Akamwambia asubiri fundi.

Bibi wa watu akasubiri humohumo ndani. Fundi alimkuta kazimia.

Na makala yangu ilisema wazi: usiwashe kitu, toka nje!

"Kazi huna," bosi Praneel akasema. "Labda unionyeshe hiyo makala sasa hivi."

Nikafungua orodha ya makala zangu kwenye kompyuta. Ipo!

"Mbona mimi sikuiona?" Sainimere analia. "Niliandika harufu, nikaandika gesi, naapa!"

Nikashuka hadi chini ya ukurasa, kwenye yale maneno ya kutafutia tunayobandika kila makala.

Mimi huweka mkato kati ya neno na neno. Sasa kulikuwa na nukta mkato. Kote!

Na mashine yetu hutenganisha kwa mkato tu. Ukiweka nukta mkato, harufu, gesi, jiko, kizunguzungu, vyote inavimeza kama neno moja refu ambalo hakuna binadamu atakayeliandika. Kichwa cha makala chenyewe haikisomi.

Nani kabadilisha? Jina lilikuwa palepale kwenye skrini.

Vilive!!

Jirani yangu wa meza! Tena mtani wangu wa damu, tauvu kama tunavyosema Fiji. Kijiji chake na changu vinataniana tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi.

"Utani tu, mtani!" akacheka, jasho linamtoka. "Si juzi ulinitilia pilipili kwenye chai?"

"Pilipili yangu ilimlaza nani hospitali?"

"Nilitaka makala zako zisionekane wiki hii tu..."

"Wiki ya kuchagua kiongozi wa timu?"

Akaanza kufuta jasho kwa kola ya shati.

Kumbe! Tuliokuwa tunagombea ni mimi na yeye tu.

Mnajua kilichoniuma zaidi? Wenzangu walianza kutabasamu. Walikuwa wananisubiri nicheke! Si mimi ndiye Apisai, niliyeacha chuo katikati, mzee wa kufunga watu kamba kwenye viti?

Shikeni hili, ndugu zangu. Ukiwazoesha watu kwamba wewe ni mzaha, siku unalia watadhani mchezo ndio umeanza.

Praneel akamgeukia Vilive. "Weka kitambulisho chako mezani."

Vilive akanishika mkono. Mkono wake wa baridi kama samaki. Nikajua sasa ataniomba msamaha, na nilikuwa tayari kumpa... wallahi nilikuwa tayari.

Akanisogelea sikioni.

"Mtani, mke wangu anakaribia kujifungua. Waambie wewe ndiye uliyenituma nibadilishe, eti ni mzaha wako. Ukisema wewe... wataamini."