Njia ya Zahanati Iliyoungua

Hadi siku ile hakuna aliyejua nani alikuwa akipokea simu katika zahanati iliyoungua. Jengo lilikuwa majivu, nyaya zimekatwa, mtambo umeyeyuka kama mshumaa. Lakini watu wakipiga namba ya dharura, sauti tulivu ilijibu: "Tunakuja." Na hakuna aliyekuja.

Juu ya nyaya za kawaida mafundi wa hospitali walikuwa wamejenga mtandao wa pili, usioshikika. Humo kanuni ndizo zilizoamua kila simu ishike njia ipi. Fundi wa zamu, ambaye mkewe alikuwa mjamzito wa miezi tisa, aliingiza njia mpya kuelekea hospitali kuu, akaipa kipaumbele. Simu zikaifuata kidogo, kisha zikageuka moja moja, kama kondoo waliosikia sauti ya mchungaji wao, zikarudi majivuni.

"Umekosea kuandika," Bosi alinong'ona.

"Soma mwenyewe, mkuu. Kanuni ya marehemu inaipiku yangu."

"Si uifute?"

"Niguse mali ya maiti? Ifute wewe, mwenye mshahara mnene."

Mwiko wa ofisi ile ulikuwa mmoja: kanuni hufutwa na aliyeiandika. Hii iliandikwa na Kigogo, fundi aliyeteketea ndani ya zahanati ile ile.

Adhuhuri mke wa fundi akampigia, akitweta. "Mume wangu, uchungu umeanza. Nimepiga dharura, wamesema wanakuja. Tena nawasikia ngazini."

Chumba cha mitambo kikanuka nywele zilizoungua, na kutoka kwenye spika ambayo hakuna aliyeiwasha ikasikika pumzi ya mtu anayepanda, ngazi baada ya ngazi, bila haraka, na fundi akakumbuka kwamba nyumba yake iko ghorofani, na kwamba safari hii walikuwa wanakuja kweli.

"Usifungue mlango!" fundi akampazia mkewe sauti simuni.

Bosi akaamua papo hapo: mwenyewe hayupo, basi ifutwe na mkono wa nyumbani kwake. Akaitwa mjane wa Kigogo, mpokea simu za dharura wa hospitali kuu, ghorofa ya chini. Alikaa, akaandika nywila ya mumewe bila kuulizwa.

"Baba watoto," alisema polepole, "zamu yako imeisha. Simu zilizobaki nitapokea mimi."

Akaifuta. Pumzi ikakatika katikati ya ngazi. Kisha mjane akashuka kwenda mezani kwake, ambako simu ya mke wa fundi ilikuwa tayari inalia.